Mji Wetu Una Jina: Wakaaji wa Goma na Rumangabo Wanasemaje Juu ya Majina Wanayobandikwa na Wageni



Ukitoka Goma kwa barabara ya Rutshuru, unapita Kanyaruchinya, Kibati, Kibumba na Rugari, na baada ya kilometa zipatazo 45 unafika Rumangabo. Hapo pana kambi kubwa ya jeshi, na pana makao makuu ya Mbuga ya Taifa ya Virunga. Kati ya hayo mawili wanaishi wakulima wa maharagwe, mahindi na viazi, walimu, wauza makala, na mama wanaoamka kabla ya jua kwenda sokoni.

Sisi wahudumu wa amani katika eneo hili tumepeleka wageni wengi huko. Tumegundua kwamba karibu kila mgeni hufika akiwa na jina mfukoni. Hajaona mtu wala hajasalimia mtu, lakini jina tayari analo: mahali pa vita, mahali pa gorila, mji mkuu wa ubakaji.

Siku moja mgeni mmoja alikuwa anaandika katika daftari lake huku mama wa soko wakimzunguka. Mama mmoja alituuliza kwa sauti ya chini: "Anaandika nini juu yetu?" Tulijua alichoandika, maana alikuwa ametusomea ndani ya gari. Tulimjibu kwamba anaandika habari za mazao. Lilikuwa jibu la uongo, na limetusumbua tangu siku ile. Kama jina haliwezi kutafsiriwa mbele ya mwenyewe, je, ni jina la haki? Makala hii inajaribu kujibu swali hilo.

MAJINA HAYO YANATOKA WAPI?

Majina haya hayakuanguka kutoka mbinguni. Kila moja lina siku yake na sababu yake.

La zamani kuliko yote ni "moyo wa giza". Linatokana na kitabu cha Joseph Conrad kilichotokea mwaka 1899. Conrad alisafiri juu ya mto Kongo mwaka 1890 na kufika hadi maeneo ya Kisangani. Hakufika Kivu. Hata hivyo, zaidi ya miaka 100 baadaye, waandishi wanaotua Goma bado wanalitumia jina hilo, kana kwamba ziwa letu halina mchana.

La pili ni jina la kambi. Mwezi wa Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, watu karibu milioni moja waliingia Goma na kandokando yake kwa muda wa siku chache. Kipindupindu kikaua makumi ya maelfu. Picha za Kibumba, Katale na Mugunga zikazunguka dunia yote. Tangu hapo, kwa watu wengi wa mbali, neno Goma lilikuwa na maana ya hema nyeupe na maiti kando ya njia. Kwamba mji ulikuwa na wakaaji wake, waliofungua nyumba na visima vyao kwa wageni hao, jambo hilo halikuonekana sana katika picha.

La tatu lilikuja na mlima. Nyiragongo ulilipuka tarehe 17 Januari 2002, moto ukashuka hadi katikati ya mji na kufika ziwani. Watu wapatao 120,000 walibaki bila makao. Ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021. Wapo walioufananisha mji wetu na Pompeii, ule mji wa kale wa Italia uliofunikwa na majivu. Lakini Pompeii ulikufa. Goma ulijengwa tena juu ya mawe yaleyale meusi, na mawe hayo ndiyo yaliyotengeneza kuta za nyumba zetu.

La nne ndilo zito kuliko yote. Mwezi wa Aprili 2010 Margot Wallström, mjumbe maalum wa Umoja wa Mataifa juu ya ubakaji katika vita, baada ya kutembelea Kongo, aliita nchi yetu "mji mkuu wa ubakaji duniani". Alisema juu ya nchi nzima, lakini jina halikutulia Kinshasa. Liliteremka mashariki likakaa juu ya Kivu, na mara nyingi juu ya Goma, kwa sababu Goma ndipo wageni hufikia, ndipo mashirika yalipo, ndipo hoteli zilipo.

WAKAAJI WANASEMAJE?

Tungekosea kama tungesema wakaaji wote wana neno moja. Katika mazungumzo yetu ya vikundi tumesikia sauti tatu, na zote zina uzito.

Sauti ya kwanza ni ya hasira. Vijana wengi, hasa waliosoma, wanaona kwamba jina hilo linawavua utu. Kijana wa kiume anajiuliza: mimi ni nani katika mji mkuu wa ubakaji? Ni mbakaji, au ni ndugu asiyeweza kulinda dada zake? Msichana anayekwenda kusoma Kampala au Nairobi anaulizwa habari za ubakaji kabla ya kuulizwa jina lake. Anatazamwa kwa huruma ambayo hakuiomba.

Sauti ya pili ni ya wale wanaosema: afadhali jina baya kuliko kimya. Mama mmoja mshauri, ambaye kwa miaka mingi amewapokea wanawake walioumizwa, alituambia kwamba kabla ya kelele za dunia alikuwa anawasindikiza hospitalini kwa miguu. Baada ya kelele, gari lilipatikana. Hatuwezi kumpuuza. Mambo yenyewe yalikuwa ya kweli. Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2010, miezi michache tu baada ya jina hilo kutamkwa, watu wasiopungua 300 walibakwa katika vijiji vya Walikale kwa siku chache. Anayekataa jina asikatae jeraha.

Sauti ya tatu ni ya walioumizwa wenyewe, na ndiyo inayosikika kidogo kuliko zote. Wengi wao hawabishani juu ya jina la mji. Wanachokataa ni jina hilo kugeuka kuwa jina lao. Mwanamke alikuwa mkulima, mwimbaji wa kwaya, mama wa watoto 5, mweka hazina wa kikundi cha akiba. Siku moja mabaya yakampata, na toka siku ile kila anayemjia anamwita kwa siku hiyo moja tu.

JINA LINAFANYA KAZI GANI?

Wengine watasema: jina ni neno tu, halivunji mfupa. Sisi tumeona kwamba jina linafanya kazi, na kazi yake inafika hadi kwenye chungu.

Chukueni mfano wa "madini ya damu". Jina hilo lilitungwa kwa nia njema, ili wanunuzi wa simu na kompyuta wajue kwamba koltani na kasiteriti vinaweza kulisha bunduki. Mwezi wa Julai 2010 Marekani ikatunga sheria iliyozitaka kampuni kueleza kama madini yao yanatoka Kongo au nchi jirani. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Wenye bunduki walitafuta njia nyingine. Mchimbaji mdogo aliyelipia karo ya watoto kwa sururu yake alibaki mikono mitupu. Jina lilikuwa moja, lakini ndani yake walitiwa mwenye bunduki na mwenye sururu pamoja.

Mtafiti Séverine Autesserre aliandika mwaka 2012 kwamba dunia ilikuwa imejifunza kuieleza Kongo kwa hadithi tatu nyepesi: sababu ya vita ni madini, matokeo yake ni ubakaji, na dawa yake ni kuongeza nguvu za serikali. Hadithi hizo zilivuta misaada, lakini zilifunika mambo ambayo sisi huyakuta kila wiki katika upatanishi: mipaka ya mashamba, urithi, mamlaka ya machifu, na swali la nani anahesabiwa kuwa mwenyeji.

Hapa yatupasa kukiri kosa letu. Sisi mashirika ya hapa tumeyaandika majina hayo kwa mikono yetu. Katika maombi ya msaada tuliweka maneno ambayo tulijua yatasomwa. Ugomvi wa shamba tuliuweka ukurasa wa mwisho, na jina lenye kelele tuliliweka ukurasa wa kwanza. Kwa hiyo tunapomlaumu mgeni, tukumbuke ni nani alimpa wino.

RUMANGABO: MAJINA MAWILI YASIYO YA WATU

Rumangabo pana shida ya pekee. Kwa wasikilizaji wa redio, Rumangabo ni kambi tu. Inatajwa inapotekwa au inapoachwa: ilitwaliwa na M23 mwaka 2012, ikatwaliwa tena Oktoba 2022. Kwa watalii, Rumangabo ni nyumba ya ngagi, yaani gorila wa milimani. Katika kituo cha Senkwekwe, kilichopo hapo kwenye makao ya mbuga, waliishi mayatima Ndakasi na Ndeze, ambao picha yao ya mwaka 2019, wamesimama wima nyuma ya mlinzi wao kama watu wanaopigwa picha ya arusi, ilizunguka dunia. Ndakasi alipofariki Septemba 2021, redio na magazeti ya nchi nyingi yalimtaja kwa jina.

Hatusemi hivyo kwa wivu. Walinzi wa mbuga ni ndugu na majirani zetu, na wamelipa kwa damu: tarehe 24 Aprili 2020, si mbali na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa pamoja na raia. Lakini mzee mmoja alituuliza swali ambalo hatujalisahau: kwa nini ngagi wa Rumangabo wana majina, na watu wa Rumangabo wana lakabu?

NA SISI TUNAITANAJE?

Wahenga walisema, nyani haoni kundule. Majina ya wageni yanauma, lakini yale tunayopeana wenyewe yanaua upesi zaidi. Jeshi linapopita kijijini, kijiji kinabaki na jina lake. Mtu anayetoka Rumangabo akifika penye kizuizi, watu hawamuulizi analima nini. Wanamuuliza alikaa na nani. Kijiji kilichotekwa kinaitwa kijiji cha waasi, kana kwamba mama wa soko ndiye aliyewaalika.

Tangu mwaka 2022, familia nyingi za Rutshuru zilikimbilia Kanyaruchinya na kambi nyingine kandokando ya Goma. Huko walipewa jina jipya: badeplase. Mwanzoni neno hilo lilikuwa la orodha ya msaada. Baadaye likawa tusi katika uwanja wa shule. Mtoto aliyejulikana kwao kama mjukuu wa fulani akawa "deplase" tu. Goma ulitwaliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Februari kambi zikabomolewa, watu wakarudi au wakasambaa. Hema ziliondoka, jina likabaki.

Basi, mgeni anayetuita mji mkuu wa ubakaji na sisi tunaomwita mtoto deplase, tunafanya jambo lilelile: tunachukua siku mbaya ya mtu na kuifanya jina lake.

TUFANYE NINI?

Hatuwezi kuweka polisi wa maneno. Lakini katika mikutano yetu tumekubaliana mambo machache, na tunawaalika wasomaji wayajaribu:

1. Tutaje mahali, tarehe na tendo. "Walikale, Julai na Agosti 2010" husaidia haki kuliko lakabu, kwa maana lakabu haina mshtakiwa.

2. Tusimwombe aliyeumizwa kusimulia tena kwa ajili ya mgeni tu. Na akikubali, tumwandike kwanza kwa kazi yake na familia yake.

3. Tumtafsirie mwenye mji kila kinachoandikwa juu yake. Kama tunaona haya kukitafsiri, tumwambie mwandishi akibadilishe.

4. Shuleni na kanisani, msikitini na sokoni, tuache kumwita mtu kwa jina la kambi aliyolala au la jeshi lililopita kwao.

5. Tukumbuke kazi ya wenyeji. Sheria ya Kongo juu ya ubakaji ilitiwa sahihi Julai 2006, miaka minne kabla ya jina la Wallström, baada ya wanawake wa nchi hii kuipigania. Hospitali ya Panzi huko Bukavu ilianza mwaka 1999, na daktari wake Denis Mukwege akapewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2018.

Kuhusu jina zuri, hatuna haja ya kulitunga. Wakaaji wa Goma kwa muda mrefu waliuita mji wao mji wa utalii, na waliposimamisha sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu katikati ya mji hawakumchonga jemadari. Walimchonga kijana anayesukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao inayoteremsha viazi, makala na mbao kutoka milimani. Hata utani juu ya mji ni wetu: kama vile watu wa Kinshasa wanavyoucheka wenyewe mji wao kwa ajili ya takataka, nasi tunaweza kulicheka vumbi letu jeusi. Mwenye nyumba anaruhusiwa kusema paa linavuja.

Mgeni tunamwomba jambo dogo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Aje, alale, aulize. Na siku nyingine mama wa Rumangabo atakapotuuliza ni nini kinachoandikwa juu yao, tunataka tuweze kumsomea neno kwa neno.