Trekta Likikataa Kuwaka: Tafuta Umeme Ulipokatika Kabla ya Kununua Betri

Leo tuache kidogo habari za mbegu na dawa za wadudu, tuzungumze juu ya chombo. Mvua za kwanza zimenyesha, udongo umelainika, majirani wamekwisha kulipa fedha zao ili walimiwe. Asubuhi unapanda juu ya trekta, unazungusha ufunguo, kimya! Hapo mkulima hupoteza mambo mawili kwa pamoja. Hupoteza siku za kupanda, ambazo hazirudi. Tena hupoteza fedha, maana mtu wa kwanza kufika atamwambia, "Betri hiyo imekufa, mzee, nunua nyingine."

Msimu uliopita nilikuta jambo hilo karibu na Runzewe, wilayani Bukombe. Mzee mmoja mwenye trekta la kukodisha aliuza mtamba akanunua betri mpya. Akaifunga, akazungusha ufunguo, kimya kile kile. Kosa lilikuwa kwenye waya wa hasi, pale unapofungwa kwa bolti kwenye chasisi. Chini ya bolti ile kulijaa kutu na udongo. Tukafungua, tukakwangua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza. Trekta likawaka. Betri ya zamani tuliipeleka kuchajiwa, nayo ikaonekana bado nzima. Lakini mtamba alikuwa amekwisha kwenda.

Basi somo la leo ni hili moja: kabla hujanunua kitu, jua kwanza umeme umekatikia wapi.

NJIA YA UMEME

Umeme wa kuwashia ni kama maji ya mfereji, ila umeme ni lazima urudi ulikotoka. Unatoka kwenye kichwa cha chanya cha betri, unapita katika waya mnene mpaka kwenye stata, nayo stata inazungusha injini. Kisha unarudi kwa kupitia chuma cha injini na chasisi, halafu waya wa hasi, mpaka kwenye betri. Ufunguo wenyewe hufungua mlango tu. Unapeleka umeme mdogo kwenye solenoidi, ile swichi kubwa ya stata, nayo ndiyo inayoruhusu umeme mkubwa upite. Mahali popote penye kutu, uchafu au bolti iliyolegea, mfereji umeziba, hata betri iwe ya jana.

TAZAMA NA USIKILIZE

Weka gia huru, zuia magurudumu kwa jiwe, washa taa kubwa. Mwenzako asimame pembeni, si mbele ya trekta, azitazame taa wakati wewe unazungusha ufunguo. Utakutana na moja ya mambo haya manne.

Kwanza, taa haziwaki kabisa na stata iko kimya. Betri imekwisha kabisa, au njia imekatika karibu na betri. Angalia vichwa vya betri, fyuzi kubwa kama ipo, na ile bolti ya hasi kwenye chasisi.

Pili, taa zinawaka, lakini ukizungusha ufunguo zinafifia, na unasikia tik-tik-tik. Umeme upo ila hautoshi. Betri imepungua, au vichwa vyake ni vichafu. Safisha kwanza, halafu ukachaji.

Tatu, taa zinabaki kali vile vile, na stata haisemi kitu au inapiga "tak" mara moja tu. Hapo usiilaumu betri. Matrekta mengi, zikiwemo Massey Ferguson za zamani, yana swichi ya usalama. Gia isipokuwa mahali pake pa kuwashia, stata haizunguki. Kwa hiyo itikise gia na uirudishe sawasawa. Kama bado, tazama nyaya nyembamba zinazotoka kwenye ufunguo kwenda kwenye solenoidi. Trekta lililolala bandani miezi mingi huliwa nyaya na panya. Nyaya zikiwa nzima, ndipo umwite fundi akapime solenoidi na stata.

Nne, stata inazunguka kwa nguvu lakini injini haishiki. Umeme wa stata ni mzima, usiendelee kuumaliza. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyoshindiliwa. Angalia kama kishikio cha kuzimia injini kimerudishwa, kama dizeli ipo, na kama hewa haikuingia kwenye mabomba. Ikiwa chombo chako ni pikapu ya petroli ya zamani, hapo ndipo utazame plagi, koili na platini. Asubuhi ya mvua, futa kifuniko cha distributa kwa kitambaa kikavu, maana unyevu hupoteza cheche. Magari ya siku hizi yenye kompyuta usiyachomoe nyaya hovyo.

KUSAFISHA BETRI

Fungua waya wa hasi kwanza, na wakati wa kurudisha uufunge mwisho. Ukianza na chanya, spana ikigusa chasisi itatoa cheche kali. Ule unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa uondoe kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, lakini magadi yasiingie ndani ya betri. Kausha, kwangua kwa msasa, kaza, halafu paka girisi kwa juu. Kama betri yako ina vifuniko, maji yafunike bamba za ndani. Ongeza maji ya betri ya dukani, si ya kisima wala asidi.

Angalieni sana: betri inayochajiwa hutoa hewa inayolipuka. Sigara na kibatari vikae mbali. Asidi ikikurukia, osha kwa maji mengi. Ikiingia machoni, osha kwa muda mrefu kisha nenda zahanati.

Mwenye mita ya umeme apime hivi. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6, ikisoma 12 au chini, karibu imekwisha. Injini ikishawaka, mita isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikibaki kwenye 12, basi altaneta haichaji, na hata ukinunua betri mpya, nayo itakwisha vile vile.

KUOMBA UMEME KWA MWENZAKO

Sisi wa Runzewe tuko kwenye barabara kuu ya kutoka Isaka kupitia Ushirombo kwenda Lusahunga, inayopitisha malori ya Rwanda na Burundi. Ni rahisi kumwomba dereva wa lori akupe umeme. Lakini malori mengi makubwa hutumia volti 24, na trekta au pikapu yako ni volti 12. Ukiunganisha, unaweza kuunguza vyombo vyako na hata kupasua betri. Omba kwa mwenye volti 12 kama wewe. Unganisha chanya kwa chanya. Waya wa hasi utoke kwenye betri yake, na ncha yake ya mwisho uifunge kwenye chuma kitupu cha injini yako, mbali na betri.

Ndugu mkulima, kazi hii inataka msasa, spana, kitambaa, magadi na nusu saa tu. Ifanye sasa, kabla ya mvua, wala usingoje asubuhi ya kulima. Fundi akija, mweleze ulichokiona na ulichokisikia. Atakwenda moja kwa moja kwenye kosa, na mtamba wako atabaki zizini.