Chembe Kubwa, Damu Haba

Mwishoni mwa miaka ya 1920, daktari kijana wa hospitali ya jiji la Boston, William Castle, alikuwa akila gramu 300 za nyama ya ng'ombe ya kusaga isiyoiva vizuri. Akishakula, husubiri saa moja, kisha hujitapisha. Matapishi yale aliyatunza kwenye joto mpaka yakawa majimaji, akayachuja, akampa mgonjwa kwa mpira ulioshuka hadi tumboni. Kabla ya hapo mgonjwa alikuwa amelishwa nyama ya aina hiyohiyo siku kumi mfululizo, na damu yake haikusogea. Alipopewa nyama iliyokwisha kupita kwenye tumbo la mtu mzima wa afya, baada ya siku chache chembe changa za damu zilianza kumiminika.

Inachefua kusoma, lakini sijui jaribio jingine lililouweka wazi ugonjwa huu kiasi hicho. Mgonjwa wa Castle hakukosa chakula. Tumbo lake ndilo lililokosa kitu ambacho tumbo la daktari wake lilikuwa nacho.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kuelezwa na Thomas Addison wa hospitali ya Guy's, London, mwaka 1849: watu wanaokwajuka polepole, wanaishiwa nguvu, wanakufa, na hakuna jeraha wala uvimbe unaoonekana. Mwaka 1872 Anton Biermer, akiwa Zürich, aliupa jina linalotokana na neno la Kilatini lenye maana ya kuangamiza, nami hapa nitauita anemia angamizi. Jina lilistahili. Mpaka George Minot na William Murphy walipotangaza mwaka 1926 kwamba wagonjwa 45 waliolishwa maini kwa wingi kila siku walipata nafuu, ugonjwa huu haukuwa na dawa. Kilichokuwemo ndani ya maini kilipatikana mwaka 1948, fuwele nyekundu zenye madini ya kobalti: vitamini B12.

Vitamini hii hutengenezwa na bakteria tu. Sisi huipata kwenye nyama, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Mchicha na maharage hayana. Ikifika tumboni huhitaji mchukuzi, protini inayotolewa na ukuta wa tumbo, ambayo huishika na kuisindikiza hadi mwisho wa utumbo mwembamba ili iingie mwilini. Katika anemia angamizi, kinga ya mwili huugeukia ukuta huohuo wa tumbo na kumshambulia mchukuzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Mtu anaweza kula maini na dagaa kila wiki na bado mwili ukashinda njaa. Na kwa kuwa ini huweka akiba ya miligramu kadhaa huku matumizi ya siku ni mikrogramu mbili na ushei, miaka hupita kabla ya akiba kwisha. Ndiyo maana hakuna mgonjwa anayeweza kukutajia siku aliyoanza kuumwa.

Kwetu Afrika Mashariki ugonjwa huu hujificha nyuma ya sentensi moja: "Damu yako imepungua." Sentensi ni ya kweli, ila haijasema kitu. Damu hupungua kwa malaria, kwa minyoo ya safura, kwa selimundu, kwa ujauzito, kwa hedhi nzito, kwa lishe duni. Haya yote ni ya kawaida zaidi, na mhudumu wa afya anayeyafikiria kwanza hajakosea. Kosa huanza pale vidonge vya kuongeza damu vinapotolewa mwezi wa kwanza, wa pili, wa sita, bila mtu kuuliza kwa nini haviongezi.

Kuna sababu ya pili ya ugonjwa huu kutotambuliwa, nayo inanikera zaidi. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari viliandika kwamba huu ni ugonjwa wa wazee weupe wa Ulaya ya kaskazini. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba wanawake weusi huupata wakiwa na umri mdogo zaidi. Mwaka 1994 ukachapishwa uchunguzi kutoka Zimbabwe uliokuta kwamba wagonjwa wengi wenye chembe za damu zilizovimba walikuwa na upungufu wa B12, na mara nyingi chanzo kilikuwa anemia angamizi. Asiyetegemea kukuta kitu hakitafuti.

Dalili ya kwanza mara nyingi imekwisha kuchapishwa kwenye karatasi ambayo mgonjwa ameishika mkononi. Kipimo cha picha kamili ya damu hakitoi tu wingi wa damu, ambao ndio wengi wetu tunauangalia. Mistari michache chini yake kuna herufi MCV, yaani ukubwa wa wastani wa chembe nyekundu. Kwa mtu mzima huwa kati ya 80 na 100 hivi. Bila B12 chembe zilizo kwenye uboho hushindwa kunakili vinasaba vyake kwa wakati. Zinanenepa bila kugawanyika, nyingi zinafia humohumo, na chache zinazotoka ni kubwa mno. Upungufu wa madini ya chuma hufanya kinyume: chembe huwa ndogo na zilizopauka. Mtu mwenye damu kidogo na MCV ya 115, kwa hiyo, hana sababu ya kupewa chuma peke yake.

Lakini namba hiyo nayo hudanganya. Pombe nyingi huivimbisha chembe, na dawa ya zidovudini inayotumiwa na baadhi ya watu wanaoishi na VVU hufanya vivyo hivyo. Upande wa pili, mwenye safura na upungufu wa B12 kwa pamoja anaweza kutoka na MCV ya kawaida kabisa, kwa sababu chembe ndogo na chembe kubwa zimechanganyika na wastani umeficha zote mbili. Watu wa pwani yetu, ambao wengi wao wamerithi aina nyepesi ya thalasemia inayofanya chembe kuwa ndogo, wanaweza kufichwa vilevile. Hapo jicho la mtaalamu wa maabara linaishinda mashine. Tone la damu kwenye kioo, rangi, hadubini: akiona chembe nyeupe ambazo kiini chake kimegawanyika vipande vitano au sita badala ya vitatu au vinne, amekwishapata fununu ambayo mashine haikuitoa.

Baada ya hapo hupimwa kiwango chenyewe cha B12. Kikiwa chini sana, jibu limepatikana. Kikiwa katikati, ni sawa na kutojibiwa, na ndipo maabara kubwa hupima asidi ya methilimaloniki, ambayo hurundikana pale vitamini inapokosekana ndani ya chembe. Kujua kama chanzo ni anemia angamizi hasa, hutafutwa kingamwili zinazomshambulia mchukuzi. Zikionekana, shaka karibu yote imekwisha. Zisipoonekana, mgonjwa asirudishwe nyumbani kwa furaha, maana karibu nusu ya wenye ugonjwa huu hawanazo. Daktari pia atauliza kuhusu dawa: metformini ya kisukari na omeprazoli ya vidonda vya tumbo, zikitumiwa miaka mingi, huipunguza B12 bila kinga ya mwili kuhusika.

Sampuli ichukuliwe kabla ya sindano. Tumezoea sindano ya vitamini B ya duka la dawa kwa kila uchovu na kila ganzi, na sindano moja inatosha kupandisha kiwango na kuuzika ushahidi. Damu ya kuongezewa nayo huchafua majibu. Ila sampuli ikishatolewa, mwenye ganzi miguuni, anayepepesuka gizani au kusahausahau asingojeshwe wiki mbili za majibu. Atibiwe siku hiyohiyo, kwa kuwa mishipa ya fahamu haingoji, na wakati mwingine huharibika hata wingi wa damu ukiwa mzuri.

Funzo hilo lilipatikana kwa gharama. Katika miaka ya 1940 asidi ya foliki ilipoanza kupatikana, madaktari waliwapa wagonjwa hawa, wakaona damu inapanda, wakashangilia. Miguu ya wagonjwa ikaendelea kufa ganzi. Foliki ilirekebisha damu na kuuacha uti wa mgongo ukiliwa. Asidi hiyohiyo imo katika vidonge vingi vya kuongeza damu, dawa nzuri kwa mjamzito, lakini isiyotosha kwa mtu huyu.

Tiba ni sindano za B12, mfululizo mwanzoni, kisha kila baada ya miezi miwili au mitatu maisha yote. Mahali pengine vidonge vya dozi kubwa hutumika, kwa kuwa sehemu ndogo sana hupenya utumboni bila mchukuzi. Ndani ya wiki moja chembe changa hufurika, zilezile alizozihesabu Castle. Ganzi huchukua miezi kuondoka, na iliyokaa miaka huenda isiondoke. Baada ya mwaka mgonjwa atapimwa tena, kiwango kitasomeka juu, na huenda akaambiwa amepona, aache sindano. Kiwango hicho ni cha sindano. Ukuta wa tumbo lake uko vilevile, na akiba ya ini itaanza tena kupungua kimyakimya tangu siku ile.