Ubao wa Mtumba na Wimbi Linalosimama: Lipia Nini, Acha Nini

Kusi likishika, ghuba ya Malindi huamka. Matope ya Mto Sabaki hayakuruhusu mwamba kuota mbele yake kama ule wa Diani, kwa hiyo mawimbi huingia mpaka mchangani. Ikifika Julai, kila aliyejifunza kuteleza mawimbini kwa ubao wa kukodi huuliza: sasa ninunue upi? Msimu hausubiri na mfuko haujajaa, basi tupige hesabu.

Kwanza tuondoe kosa linalokula pesa za wengi. Maji yakijaa siku za bamvua, wimbi husimama ghafla kama ukuta. Linakupindua, unalaumu ubao, unakimbilia mfupi na mwembamba kama wa mabingwa. Ubao huo hauelei sana, hivyo unachelewa kulishika wimbi, na kuchelewa ndiko kulikokupindua tangu mwanzo.

Chaguo ni manne

Ubao wa sponji, futi 8. Mpya huuzwa nje takriban dola 200 hadi 400. Haukuumizi ukikugonga na hauhitaji fundi. Lakini pua yake ni bapa: wimbi likisimama, inachoma maji. Sponji nayo hubanduka ikiachwa juani. Unafaa kwa familia ya watu watatu wanaopokezana, si kwa mawimbi wima.

Ubao wa faiba wenye povu la poliuretani, futi 7. Mpya ni takriban dola 600 hadi 900, wa mtumba mara nyingi nusu ya hapo. Hubonyea na kupata nyufa upesi, ila rezini ya poliesta inayouziba ndiyo ileile ya mafundi wa boti za faiba. Penye boti za faiba, fundi hakosekani.

Ubao wa epoksi, urefu uleule. Ni mwepesi, unaelea vizuri na hauumii ovyo. Bei yake hupanda kidogo. Tatizo ni ndani: povu lake ni lile jeupe linalofungiwa televisheni. Likipata ufa hunywa maji, na fundi wa boti akilipaka rezini ya poliesta, linayeyuka mbele ya macho yako. Bila epoksi halisi karibu nawe, uache.

Ubao mfupi, futi 6. Bei yake hailingani na matumizi yako bado. Mtu wa kilo 70 anayeendelea kujifunza anahitaji ujazo wa lita 40 hadi 45. Mfupi wa kawaida una lita 30 au chini. Utauuza kwa hasara kabla msimu haujaisha.

Gharama ambazo tangazo halizitaji

Kuagiza nje kunaonekana rahisi mpaka mzigo ufike forodhani. Tuseme ubao ni dola 300, nauli na bima 150. Ushuru hutozwa juu ya jumla hiyo, dola 450. Kwa asilimia 25, kiwango cha kawaida cha bidhaa zilizokamilika Afrika Mashariki, ni dola 112. VAT ya Kenya, asilimia 16, hukaa juu ya vyote pamoja na ushuru: dola 90. Umeshapita 650, na bado kuna ada za uingizaji na wakala. Ubao umekugharimu zaidi ya mara mbili ya bei yake.

Ukiletewa na msafiri, muulize shirika lake la ndege linatoza kiasi gani na linakubali urefu gani. Futi 7 ni mita 2.1, si kila ndege itaubeba.

Muulize muuzaji kama bei inajumuisha mapezi na kamba ya mguu. Mara nyingi haijumuishi. Mapezi yana miguu ya aina tofauti isiyobadilishana, kwa hiyo ubao usio na mapezi unaweza kukuweka wiki nzima ukiyasaka. Kamba usinunue ya mtumba. Ikikatika, ubao unakwenda zake na wewe unabaki kuogelea. Urefu wake ulingane na wa ubao au uzidi kidogo.

Kama huendi baharini kila wiki, gawanya bei ya ubao kwa kodi ya siku. Ubao wa shilingi 40,000 na kodi ya 2,000 ni siku 20. Huzifikishi msimu huu? Endelea kukodi.

Kagua mchana

Mimi niliwahi kununua ubao jioni, jua limeshazama, kwa kuogopa mwenzangu asiniwahi. Asubuhi niliuegemeza ukutani, mkia chini. Saa nne jua lilipokolea, maji yakaanza kudondoka kwenye ufa mwembamba kama unywele, tone baada ya tone, hadi adhuhuri. Nilikuwa nimenunua bahari kwa kilo.

Kwa hiyo bonyeza kwa dole gumba pale mguu wa mbele unapokaa. Pakibonyea na kurudi, ganda limeachana na povu. Tikisa mapezi, yasichezecheze. Tazama kwa jicho moja kutoka mkiani hadi puani kama unavyokagua ubao wa seremala. Alama ndogo zilizozibwa ni sababu ya kupunguziwa bei. Mkunjo unaokata ubao kwa upana ni sababu ya kuondoka, maana hapo ndipo utakapovunjika. Mwisho angalia pua: kwa wimbi linalosimama, iwe imepinda juu kidogo.

Kuinuka hakuuzwi

Sehemu hii haina bei, nayo ndiyo itakayoamua kama pesa zako zilikwenda mahali pake. Anza kupiga mikono mapema, wimbi likiwa bado kilima na halijawa ukuta. Ukihisi mkia unanyanyuka, usisite: piga mikono miwili zaidi, kidevu chini, kifua kimebana ubao. Woga hukurudisha nyuma, na anayerudi nyuma ndiye anayebebwa na kilele na kutupwa.

Elekeza pua kando kidogo, upande wimbi linakofungukia, si moja kwa moja chini. Viganja viwe bapa chini ya mbavu. Usishike kingo za ubao. Sukuma, leta miguu yote kwa pamoja, wa nyuma juu ya mapezi, magoti yamekunjwa. Macho yatazame uendako. Ukitazama pua, utaifuata chini.

Fanya hivyo mara 20 kila asubuhi juu ya mkeka, kisha nenda kwenye mawimbi ya kiunoni siku za maji mafu kabla ya kujaribu bamvua.

Uamuzi

Mwenye shilingi za kutosha kitu kimoja tu, achukue faiba ya mtumba, futi 7, pua iliyopinda, ambayo iko hapa pwani tayari. Omba upunguziwe bei kwa kila alama. Chenji inunue kamba mpya na kikopo cha rezini. Ule mfupi utamani tu. Mwakani, mkeka ukishachakaa, tutazungumza.