Shimo Jeusi na Hesabu ya Mvuke

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, shimo jeusi lilihesabiwa kuwa kitu kisicho na joto: linameza, halitoi. Mwanafizikia Jacob Bekenstein hakukubali. Kama gesi ya moto ingeweza kutumbukia humo na entropia yake (kipimo cha idadi ya namna chembe zake zinavyoweza kupangika) ikapotea kabisa, sheria ya pili ya thamodinamiki, isemayo kwamba entropia ya jumla haipungui, ingekuwa imevunjwa. Akapendekeza kwamba shimo lina entropia yake, na kwamba hupimwa kwa eneo la uso wake, si kwa ujazo. Stephen Hawking alimpinga, kisha mwaka 1974 hesabu zake mwenyewe zikamwonyesha kuwa shimo hutoa mnururisho. Lenye uzito wa Jua lina jotoridi la takriban sehemu 60 za bilioni moja ya kelvini. Tena, kinyume na chai iliyoachwa mezani, kadiri linavyopoteza nishati ndivyo linavyozidi kuwa moto.

Shimo sasa lilikuwa na entropia na jotoridi kama gesi; kilichokosekana ni shinikizo. Mwaka 2009 David Kastor, Sourya Ray na Jennie Traschen walilitafuta katika kile kipengele ambacho Einstein alikiingiza kwenye milinganyo yake mwaka 1917, kinachoeleza nishati ya anga tupu. Miaka mitatu baadaye, David Kubizňák na Robert Mann walichora grafu ya shimo lenye chaji ya umeme. Wakakuta shimo dogo linageuka kubwa ghafla, vilevile kama maji yanavyogeuka mvuke, hadi kufikia kilele ambapo tofauti ya hali hizo mbili hutoweka.

Grafu hiyo inafanana na ile ya Johannes van der Waals, Mholanzi aliyeeleza gesi na vimiminika mwaka 1873. Katika mlinganyo wake, shinikizo la kilele likizidishwa kwa ujazo wa chembe moja na kugawanywa kwa jotoridi, kwa vipimo vya wanafizikia, jibu ni 3/8. Kwa shimo jeusi hilo, ukiweka kipimo kinacholingana na ujazo huo, jibu ni 3/8 kamili. Maji halisi hutoa 0.23 hivi. Kwangu hili ni la kustaajabisha: shimo linamtii van der Waals kuliko maji yenyewe!

Hesabu hizi zinadai kipengele cha Einstein kiwe hasi, ilhali katika ulimwengu wetu kinaonekana kuwa chanya. Kwa hiyo hakuna darubini itakayotuonyesha mgeuko huo. Hata hivyo swali linabaki zito. Maji huchemka kwa sababu yana molekuli. Shimo jeusi lina nini? Mwaka 1996 Andrew Strominger na Cumrun Vafa, wakitumia nadharia ya nyuzi, walihesabu hali za ndani za aina maalumu ya mashimo, wakapata entropia ileile ya Bekenstein. Kwa mashimo ya kawaida, kama lile lililo katikati ya galaksi yetu, hesabu ya namna hiyo bado haijakamilika.