Kompyuta Ikizimika Katikati ya Mchezo: Tuichunguze Kabla ya Kumlaumu Mtoto

Siku hizi kompyuta mpakato, ile ya kukunja ambayo wengi huiita laptopu, imeingia hata katika nyumba za shamba. Pengine ilinunuliwa kwa fedha za kahawa au za mahindi; pengine mjomba aliye mjini aliituma baada ya kuitumia miaka kadhaa. Mchana mama huandika humo hesabu za kikundi chake cha kuweka akiba, binti husoma masomo yake ya sekondari, na jioni kijana hufungua mchezo wa mpira au wa mbio za magari. Basi mchezo ukipamba moto, mara kioo kinakuwa cheusi, na kompyuta imezimika kama taa iliyopulizwa.

Hapo ndipo maneno huanza nyumbani. Baba husema: "Nilikuambia, michezo hii itaiua kompyuta." Kijana hujibu: "Baba, sikuifanya neno, imezimika yenyewe." Jirani naye hushauri ipelekwe upesi kwa fundi. Na fundi asiye mwaminifu, akiona hamjui kitu, atasema kifaa kikubwa ndani kimekufa, nacho chataka fedha nyingi. Kumbe huenda ni vumbi tu.

Wasomaji wapenzi, jambo hili yafaa tulifahamu vizuri. Mchezo hauui kompyuta iliyo nzima na yenye nguvu za kuuchukua. Mchezo hufichua udhaifu uliokuwa umejificha. Baiskeli yenye mnyororo mbovu hutembea vizuri barabara ya tambarare, ikafika mlimani ukakatika. Je, mlima ndio ulioharibu mnyororo? Hapana, mlima umeuonyesha tu. Kuandika barua ndiyo tambarare ya kompyuta; mchezo ndio mlima wake.

KWANZA OKOA YALIYOMO

Kabla ya kutafuta ugonjwa, nakili vitu vyote vya maana: hesabu za kikundi, kazi za shule, picha za arusi na za marehemu. Vitie katika flashi au diski ya nje. Kila mara kompyuta inapozimika ghafula, faili iliyokuwa ikiandikwa yaweza kuharibika. Kompyuta nyingine hununuliwa. Picha ya bibi aliyefariki hainunuliki.

JE, IMEZIMIKA NAMNA GANI?

Mganga mwema humwuliza mgonjwa maswali kabla ya kumpa dawa. Nasi tutazame dalili, maana kuna namna nne.

Namna ya kwanza, kompyuta huzimika yote mara moja bila neno lolote. Mara nyingi hapo shauri ni joto au umeme.

Namna ya pili, kioo huwa cha buluu, au cheusi katika Windows 11 za karibuni, chenye maandishi ya kuwa kuna tatizo, kisha kompyuta hujiwasha upya. Hapo shaka iko juu ya programu ziitwazo draiva, au kumbukumbu, au kifaa kilicho ndani. Andika neno la kosa linaloonyeshwa kiooni, au lipige picha kwa simu.

Namna ya tatu, mchezo peke yake hufungika, lakini kompyuta yaendelea kuwaka. Hapo tazama faili za mchezo wenyewe, draiva ya picha, au uhaba wa kumbukumbu.

Namna ya nne, picha huganda, na pengine sauti hurudia neno lile lile kama santuri iliyokwaruzwa. Hapo shaka ya kwanza ni upande wa picha, ama programu yake ama chipu yenyewe.

Kompyuta za Windows huweka daftari la matukio, liitwalo Event Viewer. Wengi wakilifungua huona maneno Kernel-Power na namba 41, wakadhani wamepata jina la ugonjwa. Sivyo. Namba hiyo husema tu ya kuwa kompyuta ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Ni kama mtu kuleta habari kwamba mgonjwa ameanguka. Sababu ya kuanguka haikutajwa.

JOTO

Ndani ya kompyuta mna vipande viwili vifanyavyo kazi ngumu: prosesa, ambayo hupiga hesabu, na chipu ya picha, ambayo huchora yale tuyaonayo kiooni. Ukiandika barua, vipande hivi vyapumzika karibu muda wote. Mchezo ni kazi nyingine kabisa. Kioo cha namna iliyoenea kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo, yaani nukta 2,073,600. Mchezo ukichora picha 60 kwa kila sekunde, nukta zinazochorwa hupita milioni 120 katika sekunde moja! Kazi hiyo huleta joto, kama vile mtu apandaye mlima na gunia begani atokavyo jasho.

Joto hilo hutolewa nje na feni ndogo, kupitia mapezi membamba ya chuma na matundu yaliyo ubavuni au chini. Vumbi la nyumba, nyuzi za blanketi na moshi wa jikoni hujikusanya hapo, mwisho hufanya kitu kama kitambaa kizito. Hewa haipiti tena. Na mtu akiiweka kompyuta juu ya godoro au juu ya kanga mapajani, ameziba matundu kwa mikono yake mwenyewe.

Prosesa nyingi za kompyuta mpakato zimewekewa mpaka wa joto karibu na digrii 100 za sentigredi. Zikikaribia hapo hupunguza mwendo zenyewe, na mchezo huanza kusuasua. Joto likizidi kupanda, kompyuta hujizima isije ikaungua. Basi kuzimika huko si kifo, ni kinga.

Jaribio lake halina gharama. Weka kompyuta juu ya meza ngumu, inua upande wa nyuma kwa vipande viwili vya ubao bila kuziba matundu, kisha cheza mchezo ule ule. Kama zamani ilizimika baada ya dakika 10, na sasa yafika 40, umekwisha kumshika mwizi. Ukitaka hakika zaidi, iko programu ya bure iitwayo HWiNFO inayoonyesha digrii za joto.

Dawa yake ni usafi. Funga kompyuta kabisa, chomoa chaja, na kama betri yake hutolewa kwa mkono, itoe. Safisha matundu kwa brashi laini iliyo kavu. Usipulize kwa mdomo, kwa maana mate ni maji. Ukitumia hewa ya kopo, izuie feni kwa kijiti isizunguke kwa kasi na kuharibika. Kama kompyuta ni ya miaka mingi, mwombe fundi afungue, asafishe ndani, na kupaka upya ile dawa ipitishayo joto kati ya chipu na chuma chake. Dawa hiyo hukauka kwa miaka, na kuipaka upya si kazi kubwa kwa fundi ajuaye.

UMEME

Jambo la pili ni nguvu ya chaja. Tazama maandishi yake madogo. Kwa mfano, chaja iliyoandikwa volti 19.5 na ampea 3.34 hutoa wati 65, kwa sababu volti mara ampea ndiyo wati. Iliyoandikwa volti 19.5 na ampea 4.62 hutoa wati 90. Chaja zote mbili huweza kuwa na ncha inayofanana, tena zote huwasha kompyuta. Lakini kompyuta inayotaka wati 90 ikipewa chaja ya wati 65, itaandika barua bila shida, na mchezoni itaishiwa nguvu.

Fanya hivi: jaza betri, chomeka chaja, cheza, na tazama alama ya betri. Ikiwa betri yapungua upesi ingawa chaja imechomekwa, chaja haitoshi au imechoka. Ukinunua nyingine, volti zilingane na zile zilizoandikwa chini ya kompyuta, na ampea zisipungue. Zikizidi, si neno, maana kompyuta huchukua kiasi inachohitaji tu.

Betri iliyochakaa nayo ina hila. Yaweza kuonyesha asilimia 60, na mchezo ukianza ikaanguka mara moja. Kama kompyuta huzimika kwa betri peke yake lakini hustahimili ikiwa na chaja, betri ndiyo mgonjwa. Na hapa tahadhari: ukiona mfuniko wa chini umefura, au kibao cha kugusia kimeinuka, betri imevimba. Acha kuitumia siku hiyo hiyo, usiichaji, usiitoboe, wala usiitupe motoni. Betri ya namna hiyo yaweza kuwaka na kuchoma nyumba.

Wenye umeme wa jua wasome pia wati za inveta yao. Wajumlishe taa, televisheni na chaja. Jumla ikizidi uwezo wa inveta, kosa si la kompyuta.

PROGRAMU

Kama joto na umeme ni salama, sasa tazama programu. Draiva ya picha ni mkalimani kati ya mchezo na chipu ya picha. Windows humngoja mkalimani huyo: chipu ikikaa kimya kwa sekunde 2 bila kujibu, Windows hujaribu kumwanzisha upya, na mara nyingi mchezo huanguka hapo hapo. Pata draiva kutoka kwa waliotengeneza kompyuta au chipu, kama vile NVIDIA, AMD au Intel, si kwa mtu wa njiani. Lakini kama taabu ilianza baada ya kuweka draiva mpya, rudisha ile ya zamani. Kipya si lazima kiwe chema.

Michezo ya kunakiliwa kwa wizi nayo huleta balaa. Faili zake huwa pungufu, na mara nyingine virusi vimejificha ndani.

Tena liko jaribio moja lifaalo sana. Katika mipangilio ya mchezo, punguza ubora wa picha, na weka mpaka wa picha 30 kwa sekunde badala ya 60. Ikiwa kompyuta haizimiki tena, umejua ya kuwa mzigo ndio uliokuwa ukiishinda, na sababu ni joto au umeme. Ikiwa yaendelea kuzimika vile vile, elekeza macho kwenye draiva, mchezo wenyewe au kumbukumbu.

KUMBUKUMBU

Kumbukumbu ya kazi, iitwayo RAM, yaweza kuwa na doa dogo lisiloonekana mpaka mchezo ujaze nafasi yote. Windows ina kipimo chake cha bure. Andika neno mdsched katika nafasi ya kutafutia, kubali kompyuta ijiwashe upya, na uiache ipime. Kosa likionekana, na ikiwa ndani mna vipande viwili vya kumbukumbu, fundi ajaribu kimoja kimoja apate kujua kibovu ni kipi. Kubadili kipande kimoja ni gharama ndogo kuliko kununua kompyuta nyingine.

MARA NYINGINE KOSA NI LA KIWANDA

Tusidhani kwamba kila mara mwenye mali ndiye aliyekosa. Mwaka 2008 kampuni ya NVIDIA ya Marekani ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za picha zilizokuwa zikiharibika katika kompyuta mpakato, kwa sababu ya udhaifu wa malighafi zilizofungia chipu hizo. Mwaka 2024 kampuni ya Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kompyuta za mezani, za kizazi cha 13 na cha 14, zilikuwa zikipokea volti za kupita kiasi. Wachezaji wengi walikuwa wamelalamika kuwa michezo yao inaanguka. Intel ikaongeza miaka 2 ya dhamana kwa prosesa hizo. Basi kama kompyuta yako ni mpya, usiifungue. Tafuta risiti na uulize dhamana kwanza.

UKIFIKA KWA FUNDI

Mpe kijana daftari, aandike: siku, saa, mchezo gani, dakika ngapi kabla ya kuzimika, chaja ilikuwapo au haikuwapo, na kioo kilionyesha nini. Abadili jambo moja tu kwa kila jaribio, maana ukibadili matatu pamoja hutajua lipi limeponya. Fundi mwema atalifurahia daftari hilo, na yule mdanganyifu ataona kuwa hakupata mjinga.

Na fundi akitaka kuipasha moto chipu ya picha ili ifufuke, jua ya kuwa dawa hiyo mara nyingi ni ya siku au majuma machache tu. Usiilipe kama tiba kamili.

Enyi wazazi, msiharakishe kutoa hukumu. Mtoto akiadhibiwa kwa kosa la vumbi, kesho kitu kikiharibika ataficha. Afadhali keti naye, mpe brashi na daftari, mtafute pamoja. Kama michezo imezidi na masomo yanaachwa, hilo ni shauri jingine, nalo lizungumzwe kwa haki yake. Nanyi vijana, msingoje hata kompyuta ife ndipo mseme. Feni ikianza kunguruma kuliko desturi, au mchezo ukianza kusuasua, toeni habari siku hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.