Tangi Dogo la Samaki Njoro: Piga Hesabu ya Baridi Kwanza

Muuzaji wa samaki wa mapambo atakutajia bei ya samaki na pengine ya chakula chake. Usiku wa Julai hautaji. Ukiwa mkazi wa Njoro, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na msitu wa Mau ukikupulizia ubaridi, usiku huo ndio utakaokula pesa zako. Samaki unamlipia siku moja, joto lake unalilipia kila unaponunua tokeni za stima.

Chukua tangi ambalo wengi huanza nalo: urefu sentimita 60, upana 30, kimo 36, maji kama lita 60. Likiwa na kifuniko, kwa makadirio yangu hupoteza wati 4 hivi kwa kila digrii ambayo maji yameizidi hewa ya chumba. Tuseme sebule yako, ukichanganya mchana na usiku, ina wastani wa digrii 18. Kuyashikilia maji kwenye digrii 26 kutataka wati 32 saa zote, yaani uniti 23 kwa mwezi. Ukishuka hadi digrii 22, uniti 11 na nusu zatosha. Tukiweka uniti moja kwa shilingi 28 pamoja na kodi na tozo, tangi la kwanza litameza karibu shilingi 7,700 kwa mwaka, la pili 3,900. Filta ya wati 5 itaongeza kama shilingi 100 kwa mwezi popote ulipo. Kama bei yako ya uniti ni tofauti, iweke hapo upige tena; nusu itabaki nusu.

Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji ni samaki huyu anataka digrii ngapi. Beta na samaki malaika wanataka 24 kwenda juu, na malaika naye hukua kimo hadi tangi la lita 60 limbane, kisha huanza kumeza wenzake wadogo. Gapi, kipenzi cha wanaoanza, hustawi kuanzia 22, ila ukitaka awe mchangamfu mpe 24. Plati huridhika kati ya 18 na 25. Danio milia, yule mwembamba mwenye mistari ya buluu asiyetulia, yuko sawa kati ya 18 na 24. Samaki mdogo wa Uchina aitwaye Tanichthys hupendelea ubaridi zaidi, 16 hadi 22, na ukimpata dukani unaweza kumfuga pamoja na danio bila hita katika nyumba isiyopoa kupita kiasi.

Samaki wa dhahabu nitamsema peke yake, maana ndiye anayenunuliwa kwa haraka kuliko wote. Ni kweli anavumilia baridi, na akiwa mdogo bei yake ni ya chini. Lakini yule wa kawaida hukua kupita sentimita 20, huishi miaka mingi, na uchafu wake ni mwingi. Katika lita 60 utabadilisha maji mpaka uchoke, halafu utanunua tangi jingine kubwa. Mwenzake ni yule anayeuzwa kama msafishaji wa kioo, kambare wa Amerika Kusini mwenye mdomo wa kunyonya. Dukani ana urefu wa kidole. Akikomaa, aina inayouzwa sana hufika sentimita 30 na kuendelea. Mwani kwenye kioo utauondoa kwa sifongo bila gharama yoyote.

Maji nayo yana usemi. Visima vingi vya eneo la Nakuru vinajulikana kwa floraidi inayotia meno rangi ya kahawia, hata Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ikaingia katika kazi ya kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa. Maji ya chini ya ardhi hapa Bonde la Ufa pia huelekea kuwa na magadi. Plati na gapi hawana neno na maji yenye magadi kiasi. Neoni tetra, aliyezoea vijito vya maji laini vya Amazon, huteseka humo hata kama joto ni sawa, na pesa uliyomnunulia huenda naye. Mvua ya paa la mabati ni laini, lakini haina madini ya kutosha kwa plati. Ichanganye na ya kisima. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi usiku kucha klorini itoke.

Jambo ambalo vitabu vilivyoandikiwa watu wa nchi tambarare havilisemi ni hewa. Kwenye kimo cha Njoro, oksijeni inayoweza kuyeyuka ndani ya maji ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, maji yakiwa na joto lilelile. Maji ya digrii 22 hushika oksijeni zaidi ya yale ya 26, kwa hiyo hapa tena ubaridi wa wastani unakufaa. Hata hivyo idadi ya samaki iliyoandikwa kwenye kitabu ipunguze.

Chaguo langu kwa lita 60 ni danio milia sita na plati watatu, hita ikiwa kwenye 22. Danio hukaa juu na kati, plati huzunguka kote, na hakuna anayemla mwingine. Danio wakiwa wawili tu huanza kusumbuana, kwa hiyo usipunguze kundi ili kuokoa mia mbili tatu. Gapi wenye mikia mirefu sitawachanganya na danio, maana mbio za danio huwachosha. Ubandike karatasi za povu nyuma na ubavuni mwa tangi, na bili ya hita itapungua kwa gharama ndogo sana. Stima ikipotea usiku, blanketi juu ya tangi hufanya kazi hiyohiyo. Na chakula usiwape hadi filta irudi.

Usiwalete wote siku moja. Bakteria wa filta wanaohitajika kuvunja amonia huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, isipokuwa umepata sifongo ya filta iliyokwisha kutumika kutoka kwa mtu mwenye samaki wazima. Anza na danio watatu.

Plati huzaa, na huzaa sana. Watoto waliozidi wasiende Mto Njoro, ambao unashuka hadi Ziwa Nakuru. Ziwa hilo tayari lina tilapia mdogo wa Ziwa Magadi aliyepandikizwa kuanzia miaka ya 1950 ili ale mabuu ya mbu, akaishia kuwaleta ndege aina ya mwari kwa wingi. Na Naivasha bado inaishi na kamba wa Louisiana walioletwa mwaka 1970. Rahisi zaidi ni kununua madume matupu. Mwambie muuzaji amsogeze samaki karibu na kioo, utazame pezi la chini karibu na mkia: la dume limechongoka kama kijiti, la jike limefunguka kama feni.