Gari la Majitaka Limeondoka: Limekwenda Kumwaga Wapi?

Safari hii tunazungumzia jambo ambalo wengi hulitaja huku wameziba pua. Karo la nyumba limejaa, choo kinarudisha maji, na wageni wako njiani. Linaitwa gari la kunyonya majitaka, mpira unashushwa, na baada ya muda mfupi kazi imekwisha. Mwenye nyumba analipa, anafunika karo lake na kushukuru. Ni wachache wanaomwuliza dereva: "Mzigo huu unaupeleka wapi?"

Kwa sisi wa Karatu na wa huko juu Ngorongoro, swali hilo lina uzito wake. Mji wa Karatu umekua haraka, hasa tangu barabara ya lami kutoka Makuyuni ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2000. Hoteli, nyumba za wageni, shule na maduka vimeongezeka, na nyumba nyingi hutegemea choo cha shimo au karo. Sasa tazama ardhi yenyewe. Chemchemi zetu hutoka kwenye msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro. Maji ya mvua hushuka kwa makorongo, mengine kuelekea Ziwa Manyara, mengine upande wa Ziwa Eyasi, ambako wenzetu wa Mang'ola hulima vitunguu. Ndani ya kreta maji huishia Ziwa Magadi. Maziwa haya matatu hayana mto wa kuyatolea maji kwenda baharini. Uchafu unaoshuka huko hauna njia ya kwenda mbali nasi.

Gari likimwaga tope la choo korongoni usiku, mvua ya kwanza hulisomba hadi kwenye dimbwi la kunyweshea ng'ombe, na mara nyingi hapo hapo watoto huchota maji. Kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo husafiri kwa njia hiyo. Hatuzungumzii mambo ya mbali. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea katika mikoa mingi, na mwaka 2018 wilaya ya Ngorongoro ilikuwa miongoni mwa zilizokuwa na wagonjwa.

Basi mahali pake ni wapi? Ni kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka, kama yale ya Moshi kule Mabogini, au ya Arusha, ambako mabwawa ya zamani ya Lemara yalifuatiwa na mapya ya Terrat. Katika mabwawa hayo uchafu hutuama, vijidudu huula, mimea midogo ya kijani huwapa hewa, na jua huua vimelea. Kazi hiyo haihitaji umeme wala dawa. Inahitaji nafasi, siku za kutosha, na uangalizi.

Lakini hata hapo hatari ipo. Wengi hudhani majitaka ni majitaka tu. Sivyo. Tope lililokaa karoni miaka mitatu au minne limekolea, huenda mara kumi au zaidi kuliko maji yanayotoka chooni kila siku. Gari moja la lita 5,000 laweza kuwa na uchafu sawa na lita 50,000 za majitaka ya kawaida. Magari manne yakimwaga kwa mkupuo asubuhi moja katika bwawa dogo, hewa ndani ya maji huisha, rangi ya kijani hugeuka nyeusi, na harufu huwafikia majirani. Hapo watu hulalamika kwamba mabwawa hayafai, kumbe yamelishwa kupita kiasi.

Kwa hiyo mlangoni pa mabwawa anatakiwa mtu mwenye daftari: gari lipi, limetoka wapi, limebeba kiasi gani. Pawepo chujio la nondo la kuzuia matambara, pedi, chupa na mifuko. Tope zito limwagwe kwanza kwenye vitanda vya mchanga na kokoto. Maji huchuja chini na kupelekwa bwawani polepole, nalo tope hubaki juu likikauka kwa wiki kadhaa. Likikauka si salama bado, kwa maana mayai ya minyoo hukaa hai miezi mingi, hata miaka. Lihifadhiwe muda mrefu au lichanganywe na taka za shamba mpaka lioze kwa joto kali, kisha litumike kwenye miti, si kwenye mchicha. Na kwa upande wa Ngorongoro tuongeze uzio imara: bwawa lililo wazi ni mwaliko kwa nyati na tembo.

Ndugu zetu wa hoteli na kambi za watalii tunawaomba mambo mawili. Mafuta ya jikoni yakamatwe katika kisanduku cha mafuta kabla ya kufika karoni, maana huziba kila kitu. Na dawa kali za kuua vijidudu zisimiminwe chooni kwa madebe. Zinaua pia vile vinavyofanya kazi ndani ya karo na bwawani.

Nyumbani, usingoje karo lifurike. Pima kwa fito ndefu. Tope likifikia theluthi ya kina, ita gari. Usimruhusu mtu yeyote kuingia ndani. Kuna hewa yenye harufu ya yai bovu ambayo ikizidi pua huacha kuisikia, na mtu huanguka bila kupiga kelele. Anayeruka kumwokoa naye hubaki humo. Nako kutapisha choo wakati wa mvua ili kinyesi kiende na maji ni kumpelekea jirani ugonjwa.

Tuseme pia habari ya bei. Safari ya kwenda mahali halali hula mafuta ya gari. Ukimbana dereva ashushe mpaka fedha isitoshe safari hiyo, umemlipa amwage korongoni. Patana bei ukijua anakokwenda, naye akuletee stakabadhi ya kupokelewa mzigo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 zote zinakataza kumwaga ovyo. Ukiliona gari likimwaga mtoni au porini, usigombane na dereva. Andika namba ya gari, saa na mahali, kisha umpelekee bwana afya wa kata au ofisi ya mtendaji siku hiyo hiyo, kabla mvua haijafuta alama.